Mwaka Niliomtukana Mama Mkwe

Watu wa upande wa mume wangu wakinisikia nikiongea Kisukuma huniuliza nilijifunzia wapi, nami huwajibu ukweli mtupu kwamba nilianza na matusi. Wanacheka, wanadhani ni utani wa mwalimu mstaafu aliyekosa darasa la kusumbua. Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu, Mama Minza, huko Magu, na siku ya pili ya msiba mjukuu wangu mmoja aliyetoka Dar es Salaam alinifuata jikoni, akakaa juu ya kreti ya soda akiniangalia nikichambua mchele. Ni binti wa Kulwa, mwanangu, na Kisukuma hajui hata salamu. "Bibi," akaniuliza, "hivi wewe na bibi mkubwa mlikuwa mnaongea lugha gani? Maana baba anasema Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga, na wewe si Msukuma." Nilimjibu kwamba tuliongea tu, kama watu wote. Akaridhika, akaenda zake kuchezea simu. Mimi ndiye sikuridhika. Nilibaki na ungo mapajani nikijiuliza tuliongea nini hasa, na kila nilipotafuta mwanzo wake nilirudi kwenye mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, kwenye ua wa nyumba ya kupanga Pasiansi, mtaa wa mjini kando ya ziwa.

Ilikuwa nyumba ndefu ya bati, korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kulikuwa na ua wa wote wenye bomba moja na mawe makubwa ambayo mwenye nyumba alishindwa kuyavunja, akayaacha tuanikie nguo. Kila mlango ulikuwa na lugha yake. Chumba cha mbele aliishi Mzee Rugemalira, Mhaya aliyekuwa karani serikalini mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Alimsemesha mkewe Kihaya wakipatana na Kiingereza wakikosana, na mkewe, ambaye Kiingereza hakukijua, alinyamaza tu mpaka Kihaya kirudi. Mkabala wao alikuwa Mama Akinyi, Mjaluo wa Shirati, aliyewaita wanawe kwa sauti ambayo hata watoto wa jirani waliitika. Mwisho wa korido alikuwa Mama Shija, Msukuma wa Misungwi, muuza dagaa. Kiswahili kilikuwa lugha ya korido. Kwa Kiswahili tuligawana bili ya umeme na zamu ya kuosha choo, tukapeana salamu na pole. Jambo likiwa zito, au tamu kupita kiasi, watu waliingia ndani wakashusha pazia, ukasikia lugha inabadilika. Mimi na mume wangu Mathayo pekee ndio tulioongea lugha ya korido hata pazia likiwa limeshuka. Yeye Msukuma, mimi Mjita wa kando ya ziwa huko Mara. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, na tulipogombana tuligombana kwa adabu, kama watu walio ofisini.

Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi na nilijivunia kazi yangu. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka yalijaa sabuni na sukari tulizokuwa tukizipangia foleni, mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, viwanda vya minofu ya samaki viliota kando ya ziwa, na mtaa wa pili mtu alifungua shule ya chekechea ya Kiingereza, akapaka ukuta wake rangi ya machungwa. Wazazi walianza kuniuliza Kiswahili kitamsaidia nini mtoto, na niliwajibu kwa ukali zaidi kuliko swali lilivyostahili. Lugha za nyumbani nazo niliziona kama nguo za kulalia, za kuvaa ndani tu. Nilikuwa mtu wa kusahihisha watu. Niliwasahihisha wanafunzi, makondakta, wahubiri, na siku moja nilimsahihisha mtu aliyekuwa akiniambia moto umewaka jikoni kwangu.

Mapacha walizaliwa mvua za vuli zilipoanza, Kulwa wa kiume na Doto wa kike. Majina hayahitaji kikao kwa Wasukuma, anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Kulwa alikuja na mwili wake, akanyonya na kulala kama mtu aliyemaliza kazi. Doto alikuwa mdogo, analia kisauti chembamba, akinyonya kidogo anachoka, na ukimlaza tu anaamka. Dawa yake ilikuwa kushikwa. Akiwa kifuani mwa mtu alitulia, akanyonya, akapata usingizi. Akiwekwa kitandani alilia mpaka anatapika kile kidogo alichokipata. Muuguzi wa kliniki alimtazama kwenye mzani, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu, mama, asilazwe chini. Ashikwe." Akasema hivyo kana kwamba nyumbani nina mikono mingine kabatini. Binti aliyekuwa akinisaidia alikuwa ameniaga wiki ile ile, amepata kibarua cha kupanga minofu kiwandani. Mathayo naye alikuwa huko huko kiwandani kwa zamu, anarudi amechoka na ananuka samaki, mkononi kafungasha mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara iliyobaki minofu ikishatolewa, tukaange tule. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa inaisha, na mwalimu mkuu alinitumia ujumbe kwamba asiyeripoti nafasi yake itajazwa. Mama yangu mzazi tulikuwa tumeshamzika. Nilikuwa na mama mkwe tu, naye tulikuwa tumeonana siku ya harusi na mara chache za sikukuu.

Alikuja na basi la asubuhi kutoka Magu, akiwa na kuku mmoja, kibuyu cha samli, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alikuwa mrefu, mkavu, na mwenye mikono mikubwa ya kazi. Nilipiga magoti na watoto wote wawili mikononi. "Mwangaluka," nikamwambia, maana salamu hiyo nilikuwa nimefundishwa. Akaitikia kwa salamu ndefu ambayo sikuielewa, akaona sijaelewa, akarudi kwenye Kiswahili. "Habali ya hapa, mwalimu." Alinisogelea, akainama, akawaangalia watoto muda mrefu sana, kwanza Kulwa, halafu Doto. Uso wake ulilainika, nikaona machozi yamemlenga. Nikamnyooshea Doto. Akaivuta mikono yake, akaificha ndani ya kanga. Mathayo akamwambia jambo kwa Kisukuma, akicheka kidogo. Mama yake hakucheka. Akanijibu mimi, kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri. "Hawajaimbiwa," alisema. "Siwezi kushika."

Nilidhani ni kwa siku ile tu. Lakini siku zilienda, na mama mkwe alifanya kila kazi ya nyumba ile isipokuwa hiyo moja niliyomwitia. Aliamka kabla yangu akawasha mkaa. Alipika uji wa mtama, alichemsha michembe kwa karanga, alichota maji, alifagia hadi korido ya watu wengine. Doto akilia, alikuja na kigoda chake akakaa karibu kabisa, magoti yake yakigusa kitanda, akamtazama. Mikono aliiweka juu ya mapaja na ilikuwa haitulii. Niliiona ikijifunga na kujifungua. Wakati mwingine alitikisa magoti, anabembeleza hewa. Siku moja nilitoka chooni nikamkuta amemwinamia mtoto anayelia, uso kwa uso, anamwimbia wimbo wa kubembeleza, na mikono yake yote miwili ameifunga kwa nyuma. Nilikasirika. Kama hanipendi aseme, nilijiambia, lakini asimtazame mwanangu akilia kama mtu anayetazama mvua. Kwa sauti nilisema tu, "Mama, pole na kazi." Ndicho Kiswahili changu kilichonitoka.

Jioni yeye na Mathayo walikuwa wakikaa nje ya pazia, mimi ndani nikinyonyesha, na mazungumzo yao yalipita juu yangu. Kisukuma changu wakati ule kilikuwa salamu na "wabeja", yaani asante. Lakini mtu hahitaji kujua lugha ili ajue anasemwa. Nilisikia "mwalimu". Nilisikia "kanisa" mara nyingi, likiwa Kiswahili peke yake katikati ya Kisukuma. Nilisikia sauti ya Mathayo ikipanda, jambo ambalo kwangu halikuwahi kutokea, na nikashangaa kwamba mume wangu anajua kugomba. Alipoingia nilimuuliza walikuwa wanasema nini. "Hakuna," akasema. Nilimwambia watu hawapayuki kwa ajili ya hakuna. Basi akakaa kitandani, akanieleza huku ameangalia ukuta. Kwao mapacha ni mabasa, watoto wazito, na wakishazaliwa lazima waimbiwe na wanawake waliowahi kuzaa mapacha. Nyimbo zenyewe ni matusi. "Matusi ya namna gani?" nikauliza. "Ya nguoni," akajibu, na masikio yake yakabadilika rangi. "Na wewe mama yao unatakiwa uimbe. Unamtukana mkweo, mbele ya watu, naye anakutukana. Mpaka hapo hakuna bibi atakayewashika, anaamini atawadhuru." Akaongeza kwamba yeye ni mwanakwaya, karibu atachaguliwa mzee wa kanisa, na mambo hayo waliyaacha. "Mama atazoea tu," alisema. Nilimtazama Doto, ambaye mashavu yalikuwa yameanza kumwingia ndani. Nikamuuliza atazoea lini.

Hakuzoea. Siku ya Jumatano alisema, huku akiosha sufuria bombani, kwamba Jumapili atarudi Magu, mpunga unamsubiri, na hapa hana faida. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilijua akiondoka nitaacha kazi, au nitamwacha Doto na binti wa kazi nisiyemjua, amlaze chini. Nilichukua watoto wangu nikaenda mwisho wa korido kwa Mama Shija. Alikuwa ameketi juu ya jiwe lake anachambua dagaa, anatoa mchanga. Mtoto wake mdogo anaitwa Shija, na mwalimu mzima niliyeishi naye miaka miwili sikuwahi kujiuliza jina hilo maana yake nini. Shija ni yule anayezaliwa baada ya mapacha. "Wewe mwalimu," aliniambia nilipomaliza kueleza, "nimekuwa nikikusubiri. Nilidhani umeokoka sana."

Kila alasiri alinifundisha nyuma ya mawe, pale ambapo ziwa linaonekana kati ya nyumba. Yeye alichambua dagaa na mimi nilinyonyesha na kurudia. Nilijifunza kwa namna niliyofundisha wengine: nilikata mistari vipande, nikaangalia sauti inapopanda, nikakariri. Nilipomuuliza maana ya neno, aliinyooshea kidevu sehemu ya mwili, yake au yangu. Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili nielewe kabisa. Akaacha kazi, akatazama huku na huku. "Kwa Kiswahili siwezi," akasema. "Nitaona aibu." Nilicheka hadi Kulwa akaachia titi. Mwanamke huyu alikuwa amemaliza kunitajia viungo vyote vya ukoo mzima, vya wazima na wa makaburini, hata jicho hakupepesa, lakini Kiswahili kilimtia haya. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi kuliko nilivyofikiria mambo mengi ya vitabuni. Shuleni tulikuwa tukisema lugha ni chombo cha mawasiliano, na niliwaandikisha watoto hivyo. Sikuwahi kuwaambia kwamba aibu nayo ina lugha yake, na kwamba mtu anaweza kuwa na lugha tatu na aibu akaiweka katika moja tu.

Siri haikuwepo, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na siri. Mzee Rugemalira alinikuta bombani nikinong'ona mistari yangu. "Mwalimu," akasema, "naona umebadilisha somo. Mtihani lini?" Nikamwambia Jumamosi. Akasema siku hiyo atazima redio yake, kwa heshima ya elimu. Mathayo yeye hakuuliza kitu, lakini Ijumaa jioni, wakati anakula mapanki yake, alisema bila kuinua kichwa, "Kesho niko zamu ya asubuhi. Sitakuwepo." Nikasema sawa. Akanyonya mfupa mmoja, akauweka pembeni. "Na wala sitauliza," akaongeza. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa nyimbo zote za kwaya.

Jumamosi kulikucha na jua baada ya mvua, mawe yanatoa mvuke. Mama Shija alileta wanawake wawili wa mtaa wa chini, nao mama wa mapacha, watu wazima wenye miili na vicheko. Waliweka beseni la maji katikati ya ua, ndani yake majani waliyoyachuma wenyewe, na tawi la kunyunyizia. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, amevaa gauni lake jema. Mimi nilisimama mbele yake na Doto mkononi. Kulwa alishikwa na Mama Shija, ambaye alikuwa na haki hiyo. Mama Akinyi alisogeza kiti mlangoni kwake, akisema yeye ni mgeni, anatazama tu. Wanawake wakaanza. Walipiga makofi, wakazunguka beseni, wakamtukana Mathayo asiyekuwepo, wakanitukana mimi, wakautukana ukoo wa Magu na ukoo wangu wasioujua, na walipofika kwa mama mkwe walicheka mpaka mmoja akashika jiwe asianguke. Halafu Mama Shija akanipa ishara. Zamu yangu.

Niliimba vizuri, hilo nalisema hata leo. Sikukosea neno. Kila sauti niliiweka mahali pake, nikamtaja mama mkwe juu na chini, mbele na nyuma, nimesimama wima, macho yangu yametazama ukuta wa choo. Sikuona aibu hata kidogo. Nilishangaa mwenyewe jinsi ilivyo rahisi, kumbe ni hivi tu, na nikaanza kuwaza watoto watakuwa mikononi mwake kabla ya saa ya chakula. Nikafika mwisho, nikanyamaza. Makofi yalikuwa yamekoma kitambo. Mama mkwe alikuwa ameinua kiganja. Alisema neno kwa Kisukuma, kwa upole, na wale wanawake wakaangalia chini.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Anasema unasoma," alijibu Mama Shija. Aliona haya kwa niaba yangu. "Anasema umesoma vizuri. Lakini hujamtukana."

Nikasema nirudie, nipewe nafasi nyingine, kama mtoto aliyefeli hesabu. Mama mkwe akatikisa kichwa. Akaongea tena, safari hii ananitazama mimi machoni, na Mama Shija akafuata nyuma yake kwa Kiswahili. "Anasema hayo matusi ni ya kwetu, wewe hayakuchomi. Ni kama umebeba moto wa mtu mwingine kwenye chungu. Anasema kwenu hakuna matusi? Mtukane kwa kwenu."

Nilijaribu Kiswahili kwanza, maana ndicho nilichokizoea. Nilivuta pumzi, nikasema, "Mama, samahani, wewe ni..." Mama Akinyi akaangua kicheko kule mlangoni, na Mzee Rugemalira, ambaye redio yake kweli ilikuwa imezimwa, nikamsikia anakohoa nyuma ya dirisha. Samahani ilikuwa imetangulia yenyewe. Kiswahili changu hakikuwa na mlango wa kutokea tusi. Nilikuwa nimeutia tofali mwenyewe. Doto akaanza kulia. Kile kilio chembamba, kimechoka, cha mtu asiyetarajia kujibiwa. Mama mkwe akamtazama, mikono yake ikaanza tena, inajifunga, inajifungua, juu ya gauni jema.

Ndipo Kijita kilipokuja. Sikukiita. Tangu tumzike mama yangu sikuwa nimekiongea na mtu, hata sala nilisali kwa Kiswahili, na nilidhani kimelala. Kilitoka tumboni, na sauti haikuwa yangu ya darasani. Ilikuwa ya wanawake wa kwetu wanaogombania samaki ufukweni. Nilimwambia mama mkwe ni mwanamke mkavu kama dagaa wa juzi. Nilimwambia amekaa na mikono miwili mizima anatazama mwanangu anakauka. Nilimwambia juu ya miguu yake, na alichokificha kati ya miguu yake, na aliyekitembelea, na hapo nilihisi uso umeshika moto na jasho linanitoka, kwa kuwa kila neno nilikuwa nalijua, nalijua nani alilisema na mama yangu alinichapa lini kwa kulirudia. Tusi la mwisho lilikuwa baya kupita yote. Sitaliandika. Ni tusi lenye mwendo, linapanda na kushuka, na nilipolimaliza nililirudia, na wale wanawake, ambao nyimbo zao hurudiwa hivyo, wakalidaka. Wakapiga makofi, wakaliitikia kwa Kijita kilichopinda, wakizunguka beseni, bila kujua hata chembe walichokuwa wanakisema. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia na kutukana, na nilikuwa nacheka pia.

Mama mkwe alisimama. Alikuwa anatabasamu meno yote. Akanijibu kwa Kisukuma, tusi baada ya tusi, ametia mkono kiunoni, mwili wake wote umeamka, na mimi nikamjibu kwa Kijita, naye akajibu, tukaenda hivyo, hakuna aliyemwelewa mwenzake na hakuna aliyekosa jibu. Sijawahi kuzungumza na mtu kama nilivyozungumza naye siku ile. Mwishoni Mama Shija akachovya tawi, akatunyunyizia sote, watoto kwanza. Maji yalikuwa ya baridi. Doto akakatiza kilio chake kwa mshangao. Mama mkwe akafungua kanga yake, akanyoosha ile mikono, na mimi nikamweka mwanangu ndani yake. Alimfunga kifuani kwa nguvu, akafumba macho, akakaa. "Wabeja, mayu," akaniambia. Mayu ni mama. Mpaka siku hiyo nilikuwa mwalimu.

Nilipoona amempokea na Kulwa pia, nilitaka kumweleza. Nilikuwa nimepoa, na aibu ilikuwa imeanza kunipata, ile ya kweli. Nikamwomba Mama Shija amwambie kwamba niliyoyasema, mengine yalikuwa ya hasira yangu, si ya nyimbo, na kwamba nataka nimweleze maana yake ili anisamehe. Mama mkwe alisikiliza. Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake. "Usiniambie, mayu. Nikijua, nitakasilika." Akanipungia mkono nikalale.

Nililala. Ulikuwa usingizi wa kwanza wa mchana tangu nijifungue, usingizi mzito usio na ndoto, na nilipoamka jua lilikuwa limegeukia upande wa ziwa na nyumba ilikuwa kimya. Niliruka kitandani kwa hofu, kimya kilikuwa kigeni masikioni mwangu. Nikatoka hadi mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chini ya kamba za nguo, Kulwa amelala mapajani, Doto amelala kifuani, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika ukosi wa gauni. Alikuwa akimbembeleza kwa wimbo, chinichini, anajitikisa mbele na nyuma. Nilidhani ni wimbo wa kwao. Nikasogea. Lilikuwa lile tusi langu la mwisho, baya kupita yote, limelainika kwenye ulimi wake, linapanda na kushuka, analirudia polepole juu ya utosi wa mwanangu. Tangu mama yangu afariki, hicho kilikuwa Kijita cha kwanza kusikia kikitoka kinywani mwa mtu mwingine nyumbani kwangu.

Akainua macho, akaniona nimesimama. Akaukatiza wimbo, akauliza kwa kunong'ona asimwamshe mtoto, "Naimba sawasawa?"

"Sawasawa, mama," nikamwambia. "Endelea."